Mche wa Sita

Shule za siku hizi zinatuma watoto vitu. Juzi mjukuu wangu alikuja na mkebe wa udongo wenye mbegu ya maharagwe ndani, akauweka kwenye dirisha la jikoni kwangu, na harufu ya ule udongo uliolowa ikanifanya nisahau chai motoni mpaka ikafurika. Mama yake alikuwa kwenye simu akilalamika na wazazi wenzake: leo mbegu, kesho manyoya ya kuku, keshokutwa maganda ya ndizi, kwani walimu wanalipwa kufanya nini? Wengi wa rika langu wangemuunga mkono. Sisi tulisoma kwa kiboko na tukasoma, ndivyo tunavyopenda kujisifu. Niliuchukua mkebe nikautoa nje, nikauficha nyuma ya tangi la maji, halafu nikarudi kupangusa jiko.

Mjukuu wangu anadhani nyanya yake hapendi uchafu. Uchafu gani! Ni woga, na woga wenyewe ni wa darasa la nne, huko juu ya Kiirua, ambako ukungu wa mlima ulishuka usiku ukakaa mpaka saa nne asubuhi, na sisi tukaenda shule miguu imepasuka kwa baridi.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa na njia moja tu ya kufundisha. Aliandika ubaoni, tukaimba alichoandika, na asiyeweza kuimba akachapwa. Mimi njia hiyo ilinifaa. Ukiniambia kitu mara moja kinabaki kichwani, hata leo, kwa hiyo kila muhula nilikuwa namba moja au mbili na nikajiona mtoto wa maana sana. Dada yangu Karimi haikumfaa hata kidogo. Alinizidi miaka mitatu, lakini alikuwa amerudia madarasa mpaka nikamfikia, tukawa darasa moja, mimi mbele na yeye nyuma. Akisimama kusoma, herufi zilimchanganya, akanyamaza, na mwalimu akamwita mbele. Hakuwahi kulia. Alijifuta mikono kwenye sketi akarudi kuketi, na mimi, Mungu anisamehe, niliona haya kuwa ndugu yake.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alijua kufungua kufuli lililokwama, alisuka kiondo bila kukiangalia, na ng'ombe akitaka kuzaa, Karimi alimpapasa tumbo akasema ni leo au ni kesho, na ikawa hivyo. Baba aliyaona hayo yote. Ndiyo maana siku moja wakati wa chakula aliweka kijiko chini akasema yaliyokuwa moyoni.

"Huyu mwaka huu akishika mkia tena, namtoa. Shangazi yake Mitunguu anataka msichana wa kumwangalilia watoto na kumwagilia migomba."

"Baba Karimi, mpe nafasi," Mama akasema.

"Nafasi ndiyo hii nimempa."

Karimi aliendelea kula. Mimi niliacha kula kwa niaba yake. Mitunguu ni huko chini kwenye joto, na kwa akili yangu ya wakati ule, mtu akishuka Mitunguu alikuwa amekwenda mwisho wa dunia.

Muhula wa pili yule mwalimu wa kiboko alipelekwa darasa la saba, na sisi tukaletewa Mwalimu Wawira. Alikuwa msichana tu, wa Embu mjini, mtaa wa Majimbo, na alipojaribu Kimeru kilitoka Kiembu tukajificha nyuma ya vitabu kucheka. Wiki nzima ya kwanza hakumchapa mtu. Somo lile lile la kujumlisha alilifundisha mara tatu: Jumatatu kwa wimbo, Jumanne kwa picha ubaoni, Jumatano kwa udongo wa mfinyanzi alioutoa mtoni kwa mikono yake, kila mtu akapewa tonge lake. Alizunguka akituangalia, akaandika kwenye kijitabu. Ijumaa akatuhamisha. Wale wanaoshika kwa masikio wakakaa ukutani. Wale wanaoshika kwa macho wakakaa karibu na dirisha, penye chati. Wanaoshika kwa mikono wakapewa meza ndefu ya nyuma, yenye udongo, mbegu na vijiti. Karimi alipelekwa huko, pamoja na rafiki yake Kinya.

Hakuna aliyetueleza sababu, au tulielezwa na sisi hatukusikiliza. Mimi nilielewa kwa njia yangu. Niliamini anatupanga kufuatana na kazi tutakazofanya tukiwa wakubwa: wa masikio watakuwa walimu na makarani, wa macho watakuwa madereva, na wa mikono, basi, hao ni wa jembe. Nilimhurumia Karimi. Niliona mwalimu naye amekata tamaa, sema ana adabu ya mjini.

Kumbe mambo yalikuwa yanaenda kinyume. Karimi alifinyanga herufi, akafumba macho, akaipitishia vidole, akaitaja. Moja kila siku, halafu mbili. Alasiri moja tukitoka kuteka maji alisimama mbele ya duka, akawa anavisugua vidole vyake kimoja kwa kingine huku anaangalia ubao uliokuwa juu ya mlango. "Chu-mvi," akasema. "Hapa wameandika chumvi." Alikuwa na miaka kumi na mitatu na lilikuwa neno la kwanza kulisoma nje ya darasa. Alicheka mpaka akamwaga maji yote, tukarudi mtoni tena. Nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi siku ile.

Halafu ikaja kazi ya maharagwe. Mwalimu Wawira aliwaambia wale wa meza ya nyuma, "Kesho kila mtu alete mbegu, moja kwa kila mtu anayelala kwenu. Tutapanda, tutapima, tutajua hesabu kwa kuishika."

Kwa asiye wa huko niseme hivi. Kwetu watu hawahesabiwi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakwambia anao, wapo, Mungu amempa. Hata mbuzi mtu hawanyooshei kidole akisema moja, mbili. Ukihesabu walio hai unawaonyesha, na kinachosikia kitakuja kupunguza. Embu nako wanajua hilo, lakini Mwalimu Wawira alilelewa mjini, kwenye mitaa yenye namba milangoni, na nadhani aliliona ni jambo la wazee waliokwisha kufa. Wale watoto wa meza ya nyuma walitazamana. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu neno.

Karimi alichagua mbegu zake kwenye gunia la nyumbani. Kwa sababu kuandika majina kulikuwa bado kugumu, alichonga vijiti vya kusimamisha kando ya kila mbegu, akavikata alama kwa kisu. Nyanya, mama yake Baba, alikuwa na alama moja. Baba mbili, Mama tatu, yeye mwenyewe nne, mimi tano. Na Gitonga, ndugu yetu mchanga ambaye hata kuketi alikuwa hajajua, alama sita. Hata sasa nikiandika hiyo namba mkono unasita.

Miche ikatoka pale nje ya darasa, kila nyumba mstari wake. Kila Jumatatu walipima mche kwa uzi, wakaukata uzi kwa urefu wake, wakaubandika ukutani. Nyuzi zilipangana, fupi, ndefu, ndefu zaidi. Wa macho waliona mstari ukipanda, wa masikio tukaimba vipimo, na hesabu iliyokuwa imetushinda mwaka mzima ikaingia hivyo, darasa lote kwa pamoja. Jumatatu ya tatu mwalimu alimwita Karimi mbele atueleze. Alieleza akizigusa zile nyuzi, pole pole, bila kukosea, na darasa likampigia makofi. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Wewe una masikio mazuri. Sasa yatumie kumsikiliza dada yako."

Watoto wakacheka kidogo. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini kilinichoma. Mimi, wa namba moja, niambiwe nijifunze kwa Karimi!

Jioni ile niliketi na Nyanya tukiambua maharagwe. Mama alikuwa anakamua, Karimi alikuwa ameenda kutafuta kuni. Ningeweza kusema kitu kingine chochote.

"Nyanya, Karimi ametuhesabu."

Mikono yake ikasimama. "Amehesabu nini?"

"Sisi. Shuleni. Kila mtu ana mbegu yake na kijiti chake. Wewe ni moja, Baba ni mbili, Mama ni tatu, Karimi mwenyewe ni nne, mimi..."

"Nyamaza!" Sijawahi kusikia sauti ile kwake, kabla wala baadaye. Akachungulia mlangoni, akarudi. "Na mtoto?"

"Gitonga ni sita."

Alitema mate kidogo kifuani kwake, kufukuza baya, akakaa akiangalia moto. Mwishowe akasema, "Na wewe mbona umetutaja kwa mdomo?" Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Karimi alikuwa amekata alama bila kutamka. Aliyetuhesabu kwa sauti, jioni, ndani ya nyumba yetu, ni mimi.

Nyanya alinikataza kusema zaidi, naye hakumwambia mtu. Lakini kuanzia usiku ule alimhamishia Gitonga kitandani kwake, na kila mara nilipopita aliniangalia akaacha kuniangalia. Siku ya tatu Gitonga alianza kukohoa.

Ilikuwa baridi ya Julai, nusu ya watoto wa kijiji walikuwa wanakohoa. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua jambo moja tu, na asubuhi nilikimbia shuleni kabla ya kengele nikaiangalie mistari ya miche. Wetu ulikuwa wa mwisho, kando ya ua. Nyanya yuko, Baba yuko, Mama, Karimi, mimi. Mche wa sita ulikuwa umelala. Majani yake yalikuwa bado kijani lakini shina lilikuwa limelegea pale chini, limetafunwa nusu na mdudu. Niliusimamisha, ukalala. Nikauegemeza kwenye kijiti chake, ukalala tena. Usiku ule kifua cha Gitonga kilianza kutoa sauti, na Mama alikaa naye kwenye mvuke wa majani mpaka asubuhi.

Kesho yake nilienda mapema zaidi. Ukungu ulikuwa mzito, ua wenyewe siuoni. Mche ulikuwa umeanza kunyauka. Nilipiga magoti nikakivuta kile kijiti chenye alama sita, nikakishika, nikatafuta mche mzima wa kukipa. Mche wangu ndio uliokuwa karibu, umbali wa kiganja. Niliuona. Mkono wangu uliupita. Nilikivuta kijiti chenye alama nne nikakichomeka kando ya ule uliokuwa unakufa, na kijiti cha Gitonga nikakiweka kwenye mche wa Karimi, uliokuwa mrefu kuliko yote. Nikajifuta udongo kwenye nguo. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua barabara ninachofanya. Nilikuwa nimemtoa dada yangu.

Siku mbili baadaye Nyanya alikuja shuleni na wanawake watano au sita, wamejifunga leso, hawapigi kelele. Kelele ingekuwa afadhali. Hedimasta alitoka, Mwalimu Wawira akatoka, na sisi tukajazana madirishani.

"Mwalimu," Nyanya akasema, "kwenu hamna wazee?"

"Wapo, Nyanya. Hii ni hesabu tu. Ni maharagwe."

"Maharagwe yangu ni ya sufuria. Haya yako yana watu. Kuna mtoto nyumbani hapumui vizuri, na wewe umempanda hapa umpime kwa uzi?"

Mwalimu akasema polepole, "Nyanya, mpelekeni hospitali. Nawaomba. Mpelekeni leo, mimi nitawasindikiza."

"Wewe usitusindikize popote," mmoja wa wale wanawake akajibu.

Hedimasta alikuwa mtu wa amani, au mtu mwoga, sijui tofauti yake. Akaamuru miche ing'olewe. Watoto wa meza ya nyuma wakatoka, kila mmoja akang'oa ya kwao. Karimi aliinama kwenye mstari wetu, na nikaona mkono wake ukisimama juu ya ule mche ulionyauka. Alikishika kijiti kilichokuwa pale, akakipitishia kidole. Akaangalia madirishani, kwetu sote. Halafu akang'oa.

Gitonga alipelekwa hospitali ya misheni jioni ile ile, Mama alikuwa amekwisha kaidi kila mtu. Walisema ni nimonia. Akachomwa sindano siku nane, akapona, leo ni mwanaume mwenye kitambi. Lakini kijijini walijua kilichomponya: si miche iling'olewa? Wazazi wakakataa kuleta watoto shuleni mpaka yule wa Embu aondoke, na kabla mwezi haujaisha barua ya uhamisho ikafika. Siku ya mwisho alipita meza ya nyuma akampa kila mtoto mkono. Karimi hakumwachilia. Ilibidi mwalimu aitoe mikono yake mwenyewe, pole pole.

Nyuzi zilibanduliwa ukutani, udongo ukamwagwa nje, tukarudishwa kwenye mistari, na yule mwalimu wa kiboko akarudishwa kwetu. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka nilimwona Karimi akisugua vidole kwenye dawati, akitafuta herufi ambazo hakuwa na udongo wa kuzitengenezea. Alikuwa amefika nusu tu ya alfabeti. Kengele ililia karatasi yake ikiwa na jina lake na mistari miwili. Alishika mkia, na Baba hakuwa mtu wa kurudisha neno lake.

Alichukuliwa na lori la ndizi lililokuwa linarudi Mitunguu tupu. Tulisimama wawili barabarani tukilisubiri, Mama alikuwa amerudi nyumbani kwa sababu alishindwa kusimama. Mimi nilikuwa sijalala vizuri kwa miezi. Nilipoona lori linateremka kule juu nilianza kulia, nikamwambia yote juu ya kijiti: kwamba mche wa Gitonga ulikuwa unakufa, kwamba nilikihamisha, kwamba nilimweka yeye pale badala yake, na sasa ndiyo hii anaondoka.

"Nilijua," Karimi akasema. "Alama si nilikata mimi? Hata gizani ningejua."

"Mbona hukurudisha?"

Alifikiri. "Mtoto alikuwa anakohoa. Ningekirudisha kwake mimi? Hata mimi ningejichagua." Akanifuta machozi kwa kiganja, mkono mgumu ule. "Wacha hayo. Si kijiti kinachonipeleka. Ni Kinya. Ni yeye aliyemwambia Nyanya, nina hakika. Aliona wivu siku ile nilipopigiwa makofi."

Lori lilikuwa limefika, utingo amekwisha ruka chini kuuchukua mzigo. Nilikuwa na muda. Watu husema hapakuwa na muda, lakini mimi nilikuwa nao wa kutosha.

"Labda," nikasema.

Karimi alilea watoto wa shangazi, kisha wake, kisha wajukuu. Ana migomba yake mwenyewe na mtaro wa maji alioupima kwa hatua zake, na wataalamu wa kilimo wanaleta wageni kuuona. Ujumbe wa simu anasomewa na wajukuu. Kinya alikaa Kiirua maisha yake yote. Mara nyingi alinisimamisha sokoni akaniuliza kwa nini Karimi akija hamsalimii, amemkosea nini, na mimi nikamwambia Karimi ni mtu wa kimya tu, asijali.

Kinya tulimzika mwezi uliopita. Nilimpigia Karimi simu nikamwambia aje. Akasema, bila hasira yoyote, "Siwezi kuja kumzika mtu aliyenitoa shuleni. Nyinyi mzikeni." Nilikaa na simu sikioni. Alikuwa bado yuko, nilimsikia akipumua, nilisikia na maji yakienda kwenye mtaro wake. Nikamuuliza kama kwao mvua imeanza.

Kwa hiyo nimeyaandika. Nimeyaweka yote, pamoja na yale niliyosema jioni ile tukiambua maharagwe, na nimelitaja jina la Kinya kwa uwazi ili lisafishwe. Nimekaa na haya zaidi ya miaka hamsini nikitafuta njia ya kumweleza dada yangu, na njia niliyoipata ni hii ya karatasi. Nimeichagua kwa sababu hawezi kuisoma.